Mshiriki wa Sitini na Tatu

Chumba cha watafiti,
ghorofa ya pili, mlango wa mwisho.
Jumamosi, saa nne asubuhi.

Kwako dada, fundi wangu wa nguo na wa mengine mengi,

Shikamoo. Kabla ya yote naulizia mgongo wako. Na usinijibu "mzima tu" kama unavyowajibu wateja, maana nakujua: ukisema mzima tu, umeinama mezani tangu alfajiri na chai imepoa pembeni. Mama naye anaendeleaje? Ule mguu anautembeza uani kila asubuhi kama daktari alivyoagiza, au bado anazunguka kiti mara moja na kuhesabu kuwa ametembea? Mwambie namsalimu sana, na kwamba maji baridi nimeacha kunywa, hata kama si kweli sana.

Mimi huku ni mzima wa afya. Koti ulilonishonea limekuwa gumzo. Msimamizi wangu wa utafiti, mama mtu mzima asiyesifu kitu ovyo, alinigeuza kama mtoto anayepimwa sare, akapitisha kidole kwenye mshono wa begani, akasema aliyeshona hili hana haraka. Nikamwambia ni dada yangu. Kutwa nzima nilitembea nimevimba kichwa.

Sasa sikiliza. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya manjano. Nakujua vizuri, umeshaitoa na unaiangalia kabla hujafika hata kwenye mstari huu. Tafadhali iweke chini ya mkasi mkubwa, ikae hapo mpaka umalize kusoma. Si karatasi mbaya. Ila sitaki uitie sahihi kwa mapenzi tu, kama ulivyokuwa unatia sahihi ripoti zangu za shule huku umeshika pini mdomoni. Safari hii lazima ujue unachokubali. Sura moja nzima ya tasnifu yangu inaning'inia kwenye hiyo karatasi, na kuna jambo jingine zito kuliko sura. Nimejaribu kukupigia simu mara tatu kukwambia. Mara zote tatu nimeishia kuuliza habari za mguu wa Mama.

Kwanza nikueleze ninachofanya, kwa sababu nimesikia unawaambia wateja kwamba mdogo wako anasomea kompyuta. Kompyuta hata sijui kuitengeneza. Ninachochunguza ni watu. Unaukumbuka mwaka ule chuo kilipofunga madarasa na kuhamishia masomo yote mtandaoni, tukarudishwa nyumbani kila mtu na kompyuta yake ya kuazima? Basi utafiti wangu unauliza swali moja: kwa nini wanafunzi wengine waliendelea mpaka mwisho, na wengine wakapotea kimya kimya, bila kuaga, mtu leo yupo kesho hayupo? Wakubwa wa chuo walishakuwa na jibu lao. Walisema ni mashine mbovu na mtandao wa kukatikakatika. Mimi nilitaka kujua kama ni hivyo kweli.

Nikachagua somo la takwimu, lile la masomo kumi na manne, wiki kumi na nne. Kila wiki lilifundishwa somo moja, kipande kimoja kila asubuhi pamoja na mazoezi yake, watu wote wakiwa mtandaoni na mhadhiri wao, kisha lile somo likabaki limerekodiwa ili anayetaka alisikilize tena. Mfumo wa chuo ulikuwa unatunza kumbukumbu za kila kitu. Umefungua somo saa ngapi, umesimamisha wapi, umerudi nyuma dakika ipi, yote yameandikwa. Wanafunzi mia na arobaini wa mwaka ule wakakubali kumbukumbu zao zisomwe, wakajaza fomu, na fundi wa mitambo wa chuo akayaondoa majina yao, akaweka namba. Huyu fundi tunamwita Nenosiri, kwa kuwa hata ukimsalimia anakuuliza kama umebadilisha nenosiri lako. Ile orodha ya kuonyesha namba ipi ni ya nani ikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa kwa gundi, ikawekwa kabatini kwa msimamizi wangu. Sikutakiwa kuiona, na sikuiona.

Huyo msimamizi wanafunzi wanamwita Mama Ushahidi. Ukimpelekea kurasa ishirini, anakurudishia zikiwa na neno moja pembeni, kwa kalamu nyekundu, mara kumi na tano: "Umejuaje?" Mwanzoni nilikuwa naogopa hata kusikia viatu vyake koridoni. Sasa namshukuru Mungu kwa ajili yake. Amenifundisha kutokusema kitu kwa kuwa kinapendeza tu.

Nilihoji watu arobaini kati ya wale mia na arobaini, na dada, nilijifunza kwao kuliko vitabuni. Kulikuwa na mlinzi wa ghala la saruji aliyesoma akiwa lindoni, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka pande zote. Kwa hesabu za wakubwa, huyo alitakiwa kuwa wa kwanza kupotea. Akamaliza. Nikamuuliza aliwezaje. Akasema mlinzi mwenzake wa zamu ya asubuhi alikuwa hapokei funguo za ghala mpaka kwanza aelezwe jana wamefundishwa nini. Alikuwa anasimama getini, mikono nyuma, anasema hapokei funguo kwa mtu asiyejua kitu. Hivyo mlinzi wangu akawa hana ujanja, lazima asome ili aende nyumbani kulala. Nilicheka mpaka nikasahau kuandika. Kisha mwingine akanieleza habari inayofanana, ya mama mkwe. Mwingine, ya mpangaji wa chumba cha pili. Karibu wote waliomaliza walikuwa na mtu pembeni ambaye hata hakuwa mwanafunzi, ila alikuwa anauliza. Wale wenye kompyuta nzuri na mtandao mzuri na hakuna wa kuwauliza, wengi walipotea. Kwenye tasnifu nimemwita huyo "mtu wa kando". Mama Ushahidi aliandika pembeni "Umejuaje?" mara mbili tu, na huo kwake ni ukarimu.

Na kulikuwa na mshiriki wa sitini na tatu.

Huyu sikuwa nimemhoji. Nilikuwa nazo kumbukumbu zake tu, na zilinishangaza. Kuanzia somo la tatu hakuingia kabisa darasani asubuhi, wiki sita mfululizo. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo tunamhesabu kuwa amepotea. Lakini kila siku ya kazi, saa saba na dakika chache mchana, mtu wa sitini na tatu alifungua somo lililorekodiwa, akasikiliza nusu saa, pengine dakika arobaini, akafunga. Kesho yake akaendelea alipoishia. Akirudi nyuma, anarudi kweli. Kuna dakika moja ya somo la nane, ya ishirini na mbili, aliirudia mara tisa. Kuanzia somo la tisa akarudi darasani asubuhi, na bado mchana akaendelea na yaliyorekodiwa. Kati ya watu mia na arobaini, walioyasikiliza masomo yote kumi na manne mpaka dakika ya mwisho walikuwa sita tu. Yeye mmoja wao.

Nilimpenda huyo mtu, dada. Niliamini ni mwanamke, ana kazi ya kusimama, ana nusu saa moja tu ya kupumzika na hiyo nusu saa anaitoa yote. Kichwani mwangu nilimpa hata kazi, mapokezi ya zahanati. Nikaandika kurasa ishirini na mbili juu yake. Na nitasema kweli, nilimwonea wivu pia, maana mimi nilisoma somo hilo hilo mwaka huo huo na sikuwa hivyo. Mama Ushahidi alizisoma kurasa zote, akaandika "Umejuaje?" kwenye ile zahanati, kisha akasema mtu huyu ndiye moyo wa tasnifu, na moyo haukisiwi. Kwenye fomu yake amekubali kuhojiwa. Atafutwe, aulizwe mwenyewe.

Tukaifungua ile bahasha wiki mbili zilizopita, yeye na mimi, na Nenosiri akiwa shahidi. Mama Ushahidi akashusha kidole kwenye orodha, akafika kwenye namba hiyo. Akavua miwani. Akaisukuma karatasi upande wangu.

Sitini na tatu lilikuwa jina langu.

Unajua ilivyotokea? Siku ya kugawa fomu niliijaza moja mwenyewe ili kuwaonyesha wengine namna ya kujaza. Nikaandika jina, nikatia sahihi, na kwenye pembe nikaandika "mfano" kwa penseli. Nenosiri alipozikusanya hakuiona hiyo penseli. Akanihesabu na wengine, akanipa namba, akazichota kumbukumbu zangu za zamani, na mimi nikakaa mwaka mzima nikijichunguza mwenyewe na kujisifia kurasa ishirini na mbili bila kujitambua. Nenosiri alitaka kulia. Alirudia kusema kwamba miaka kumi na mitano kazini hajawahi kumhesabu mtafiti mahali pa mtafitiwa. Ikabidi sisi ndio tumbembeleze.

Lakini Mama Ushahidi hakucheka. Aliniuliza kwa upole, na upole wake unaogopesha kuliko kalamu, kama kweli ndivyo nilivyosoma. Kama mimi ndiye niliyekuwa nafungua masomo saa saba mchana. Nikasema haiwezekani. Kwa sababu saa saba mchana, mwaka ule, sikuwa nyumbani. Saa saba nilikuwa nimebeba mfuko wa nguo nawapelekea wateja wako, na narudi saa nane.

Dada, sasa nafika pale ambapo simu imenishinda.

Unakumbuka somo la pili, wiki ya pili? Nilikuwa nimeacha kipaza sauti wazi bila kujua, na wewe ulikuwa unamalizia suruali, cherehani inalia. Mhadhiri akasimama katikati ya sentensi akauliza ni nani huyo yuko kwenye mashine ya kusaga. Darasa zima likacheka. Watu mia mbili, dada, na jina langu likiwaka kwenye kioo ili kila mtu ajue. Wewe hukusikia, mimi nilikuwa nimevaa vile vya masikioni. Mchana nikakwambia tu kwamba kelele zinaingia kidogo. Hukuuliza zaidi. Kesho yake asubuhi nilikuta umeifunika cherehani kwa shuka, umekaa kwenye kigoda na sindano ya mkono.

Kutoka siku ile, kila siku saa tatu mpaka saa sita, ulishona kwa mkono. Sare ishirini na nne za chekechea, dada. Kola, mapindo, vifungo, vyote kwa mkono, ili mimi nisome. Mwalimu wa chekechea alikuja kuuliza kama mashine imekufa, ukamwambia imepumzika. Wateja wawili walihamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara na mmoja wao hajarudi mpaka leo. Vidole vyako vilikuwa na matundu kama kichujio cha chai. Mama alikuwa akitaka kukohoa anatoka nje. Nyumba nzima ilikuwa imeshika pumzi kwa ajili ya darasa langu.

Na darasa halikuwepo. Yaani lilikuwepo, mimi ndiye sikuwemo. Baada ya kile kicheko sikuingia tena. Siku ya kwanza niliona aibu, ya pili nikaona nimeshachelewa, ya tatu ikawa mazoea. Wiki sita. Nilikaa mbele ya kompyuta nimevaa vile vya masikioni ambavyo havikuwa na sauti yoyote ndani yake, natazama picha ya somo la pili iliyoganda, natikisa kichwa kama naelewa, na wewe hatua mbili kutoka kwangu unajichoma vidole kimya kimya. Mara nyingine niliandika daftarini. Nilikuwa naandika majina ya nguo ulizokuwa nazo mezani.

Sikukuambia kwa sababu ungeilaumu cherehani yako. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli ni kwamba niliogopa macho yako. Nilikudanganya, dada. Nilikuibia asubuhi zako za wiki sita, na kwa miaka yote hii umekuwa ukiwasimulia watu jinsi nilivyosoma kwa bidii mwaka ule, nami nimekuwa nikikaa hapo hapo nikitabasamu. Naomba unisamehe. Naandika neno hilo na naona aibu ile ile upya.

Na jioni ndio mateso. Tukikunja nguo wewe na mimi, ulikuwa unauliza leo mmefundishwa nini. Nami nikatunga. Sijui kama unakumbuka yule mtaalamu wangu wa kubuni aliyegundua kwamba watu wana kumbukumbu za aina nne, na kila aina inakaa upande wake wa kichwa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukakunja gauni, ukaniuliza kama huyo mtaalamu amewahi kukutana na Mama, maana Mama ana aina ya tano, ya kukumbuka makosa ya watu. Nilicheka kwa furaha kwamba umeamini.

Hukuamini. Ndicho nilichokiona nilipokaa na ile orodha mbele ya Mama Ushahidi. Saa saba na dakika tano mimi natoka na mfuko wa nguo, saa saba na dakika nane somo linafunguliwa, kwenye kompyuta ile ile, nyumba ile ile. Nenosiri langu la kuingilia mtandaoni nilikuwa nimeliandika kwenye kipande cha karatasi na kukibana ukutani kwa pini yako mwenyewe. Na mimi nilivyokuwa nakugombeza! Nilikuwa nakuta vumbi la chaki ya buluu kwenye vitufe, nakwambia usikatie vitambaa karibu na kompyuta ya watu. Ulisema samahani. Ulisema hutarudia. Dada, ulikuwa umejua tangu lini? Maana nikikwambia leo tumefundishwa hili, wewe ulikuwa umeshasikiliza mhadhiri mwenyewe mchana ule ule, na ulijua kuwa hakusema hata neno moja la yale niliyokuwa nikikueleza.

Halafu jioni moja, wiki ya sita ya uongo wangu, ukaniuliza swali. Ulisema unataka kujua kama wateja wako wanapenda mikono mirefu au mifupi. Kama ukiwauliza watatu tu walioingia asubuhi, si utakuwa umejidanganya? Na ukiwauliza wote, utashona saa ngapi? Basi wanatosha wangapi, na uwachague vipi? Ukauliza kama chuo chetu hakijafika hapo. Nikasema bado. Ukasema sawa, mkifika uniambie, nalihitaji. Ukaendelea kukunja.

Neno "nalihitaji" halikuniacha. Asubuhi yake, badala ya kutazama ile picha iliyoganda, nikaanza kutafuta. Nikafungua somo la nane, na mfumo ukaniuliza kama nataka kuendelea pale nilipoishia, dakika ya ishirini na mbili. Nikasema mfumo huu umechanganyikiwa, sijawahi kulifungua somo hili. Nikabonyeza hivyo hivyo. Na pale pale, dakika ya ishirini na mbili, mhadhiri akaanza kueleza watu wangapi wanatosha kuulizwa na namna ya kuwachagua bila kujidanganya. Lilikuwa swali lako lenyewe. Nilielewa tangu mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nayaona mashati. Jioni ile nilikujibu, na lilikuwa jambo la kwanza la kweli nililokufundisha kwa wiki sita. Ulisema, kumbe. Wiki iliyofuata nilimwandikia mhadhiri nikaomba msamaha, akanipa jaribio la kufidia, nikarudi darasani. Miaka yote nimeamini nilijiokoa mwenyewe, kwa bahati.

Kwenye ile sura niliandika kwamba mshiriki wa sitini na tatu aliirudia dakika hiyo mara tisa kwa kuwa "alipata ugumu kuielewa". Nimeufuta huo mstari. Nadhani ulikuwa umeielewa mapema sana. Nadhani ulikuwa unatafuta namna ya kuniuliza ili nisigundue kwamba unajua. Mama Ushahidi angeandika hapo "Umejuaje?" na angekuwa na haki. Sijui. Nakuuliza wewe.

Nilimweleza Mama Ushahidi yote, hata ile shuka juu ya cherehani. Akaniambia mambo mawili. La kwanza, kumbukumbu hizi ni za mtu ambaye hakuombwa, kwa hiyo ama sura inatolewa yote, ama mwenyewe aombwe kama mshiriki mwingine yeyote, kwa karatasi, akijua kila kitu. La pili, mwombe vizuri, usimsukume. Tasnifu inatakiwa kukabidhiwa baada ya wiki tatu. Bila sura hiyo bado itapita, itakuwa nyembamba tu.

Ndiyo hiyo karatasi ya manjano, dada. Itoe sasa chini ya mkasi. Imeandikwa kwamba mshiriki anaweza kukataa bila kutoa sababu yoyote, na kukataa kwake hakutampunguzia kitu. Nimewasomea watu mia na arobaini maneno hayo, na kwako ndiyo nayamaanisha kuliko kwa wote. Ukikataa, naitoa sura, na nitakuja likizo nikae kwenye kigoda nikupigie pasi kama kawaida. Ukikasirika, kasirika, una haki. Ukitaka Mama asijue, hatajua kwangu.

Ahsante haitoshi lakini ndilo neno lililopo. Ahsante kwa sare ishirini na nne. Ahsante kwa kunisikiliza na yule mtaalamu wangu wa uongo bila kunivunjia heshima. Ungeweza kunivua nguo mbele ya Mama kwa sentensi moja, ukachagua kuniuliza habari za mikono ya mashati. Kila mtu niliyemhoji alinisimulia mtu wake wa kando, nami nilikuwa naandika na kujiona sina wangu wa kusimulia. Nilimtafuta kwa watu wote hao, kumbe aliniuliza swali lake tangu mwaka ule.

Limebaki jambo moja, na ndilo linaloninyima raha kuliko uongo wangu. Nilirudi darasani somo la tisa. Kuanzia hapo hukuwa na sababu ya kunichunga. Nilikuwa nasoma kweli, na ulijua. Lakini saa saba mchana ya wiki ile somo lilifunguliwa, na wiki iliyofuata, na iliyofuata. Somo la kumi na nne ulilisikiliza mara tatu, na mara ya tatu mimi nilikuwa nimeshafanya mtihani na kulirudisha daftari kabatini. Mimi mwenyewe, kwa wakati ule wote, nimeyamaliza masomo nane. Wewe umeyamaliza kumi na manne. Siku zote ulikuwa unasema kwamba wewe na shule mlishamalizana, mkaachana kwa amani, na sisi wote tukakuamini kama ulivyotaka tuamini.

Ulikuwa unalisikilizia nani hilo la kumi na nne, dada, kama si nafsi yako?

Chini ya karatasi kuna mistari mitatu ya kujaza. Umri, andika wa kweli, usipunguze. Kazi, unaijua. Wa tatu unasema "kiwango cha elimu". Nimekaa na kalamu mbele ya mstari huo asubuhi yote, nikitaka kukujazia na nisijue niandike nini. Nimekuachia ujaze mwenyewe. Ila ukijaza au usijaze, idara ya takwimu hapa chuoni inaandikisha watu wazima mwezi ujao, na mwenye kazi yake anaruhusiwa kusoma mchana. Mwaka huu mimi ndiye nitakayekuwa nauliza jioni mmefundishwa nini.

Nisalimie Mama, mwambie azunguke kiti mara mbili. Nisalimie mwalimu wa chekechea akipita, na cherehani yenyewe uifute vumbi kwa niaba yangu, niliionea. Wewe pumzisha mgongo. Nasubiri jibu lako, lolote litakalokuwa, na nakubusu hivyo vidole kimoja kimoja.

Ni mimi mdogo wako,

Kitindamimba,
aliyekuwa na namba ambayo ni yako.